Likizo ya Juni: wapelekeni watoto kwa bibi Makete, baridi isiwatishe

mama_wa_kimara (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Kila ikikaribia Juni maswali ni yale yale: shule zinafungwa, watoto wapelekwe wapi? Wenye asili ya Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya wengi jibu lao liko tayari: "Kule saa hizi ni baridi kali, tutakwenda Krismasi." Mimi nasimama upande wa pili. Kama una bibi au babu nyanda za juu kusini, kipupwe ndio wakati wa kumpeleka mtoto. Mimi kwetu ni Muheza, nimekulia kwenye joto, nimeolewa kwa Wakinga, wenyeji wa Makete. Kwa hiyo baridi ya ukweni nimeanza kuifahamu ukubwani, na nasema hivi nikiwa najua ni baridi ya namna gani.

Desemba kijijini kwa mama mkwe ni mwezi wa wageni. Kariakoo nzima, yaani Wakinga wenye maduka Dar, inakuwa imehamia Makete. Magari yamejaa uwanjani, mvua inanyesha, barabara za ndani ni tope, na bibi mwenyewe humwoni, yuko jikoni anahangaika na masufuria ya watu thelathini. Mtoto anasema shikamoo, anapewa soda, anapigwa picha na binamu zake, safari imekwisha. Akirudi Dar ukimuuliza bibi anapenda nini, hajui. Anafanya kazi gani? Hajui. Sauti yake ikoje akiwa amechoka? Hajui kabisa.

Juni na Julai nyumba iko kwenye maisha yake ya kawaida. Mahindi yanavunwa. Mabondeni watu wanahudumia vinyungu, zile bustani za kiangazi kwenye unyevu, wakimwagilia mboga na viazi. Kuni za miwati zinapasuliwa na kupangwa ukutani. Jua likizama, baridi inamfukuza kila mtu kuingia jikoni, mkubwa na mdogo, kuota moto. Hakuna wa kujifungia chumbani na simu kwa sababu chumbani hakukaliki. Sijui mahali pengine ambapo mtoto wa Dar anakaa na bibi yake, shangazi yake na baba yake mkubwa jioni nzima, kila siku, bila mtu kumlazimisha.

Nielezee safari kidogo kwa ambao hawajawahi. Mabasi ya Njombe na Makete yanaondoka alfajiri stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mchague upande wa dirisha kwa ajili ya Mikumi, maana barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi na mwendo pale unapunguzwa hadi kilomita 50 kwa saa. Tembo, twiga, nyati na swala wanaonekana mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu. Baadaye Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, halafu mlima Kitonga. Pale mwambieni mtoto ameze mate au atafune kitu, masikio yataziba. Anayetapika safarini asile chipsi kabla ya Kitonga, ale baada. Ilula mnaona nyanya zimepangwa barabarani, mnapita Iringa, Mafinga na misitu yake ya misindano, kisha Makambako mnakata kushoto kuelekea Njombe. Baridi ya kwanza inaingia hapo. Sweta ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Mizigo ikishaingia kwenye buti la basi hamtaipata mpaka mwisho wa safari. Lami sasa inatoka Njombe hadi Makete mjini, kwa hiyo ile hofu ya zamani ya kulala njiani imepungua sana.

Sasa nyumbani kwenyewe. Asubuhi ukungu umeshika, ukitoka nje mdomo unatoa mvuke, watoto wanafurahi kwa hilo tu. Hakuna anayewatoa nje kabla jua halijapanda. Kifungua kinywa ni uji wa ulezi, au chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Kazi zinaanza saa tatu. Wangu wamepewa kazi za saizi yao: kuokota viazi nyuma ya anayechimba, kupeleka majani kwa simbilisi, kuanika mahindi kwenye turubai na kufukuza kuku. Kuoga ni saa nane mchana, jua likiwa kali na maji yamechemshwa, mara moja kwa siku, basi. Mtoto wa Dar aliyezoea kuoga mara tatu msimwamshie vita ya usafi kule. Paka mafuta ya mgando midomoni, mashavuni na miguuni asubuhi na jioni, la sivyo ngozi inapasuka.

Jioni ndiyo ninayoipenda. Jiko la mama mkwe ni kibanda peke yake, nyuma ya nyumba kubwa, mabati yamekuwa meusi kwa moshi. Moto uko katikati, mafiga matatu. Mama anakaa kwenye kigoda chake upande ule ule kila siku. Anafukia viazi kwenye majivu ya moto, anaendelea na mazungumzo, na anajua vimeiva bila kuvigusa. Anavitoa kwa kijiti, anavipigapiga kwenye kanga majivu yatoke, anamega cha kwanza na kumpa mwanangu wa kiume akimwambia, "Chukua, mume wangu." Kijana wa darasa la tatu anaona haya, wote tunacheka. Huo utani wa bibi na mjukuu haufundishwi kwa simu ya video.

Na mahindi yanapukuchuliwa hapo hapo motoni. Wanangu walianza kwa kidole gumba, gumba likachubuka. Mama akachukua gunzi tupu, akaonyesha: toa kwanza mistari miwili ya punje kwa ncha ya kidole, halafu gunzi lifanye kazi, unasukuma mstari mmoja baada ya mwingine uingie kwenye nafasi iliyoachwa. Punje zinamwagika zenyewe. Binti yangu alishika siku ile ile, na mpaka leo anafundisha wenzake mtaani Kimara kwa mahindi ya kuchoma.

Jambo moja la lazima, na hili naomba mlisome vizuri. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Kila kipupwe tunasikia habari za familia kukutwa wamekufa, wameingiza jiko chumbani ili wapate joto. Mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi, watu hudhani umekuwa salama. Hapana. Hewa ile haina harufu wala rangi, inakulegeza na kukusinzisha ukiwa umelala. Ota moto jikoni, milango wazi, kisha ingia chumbani ukiwa na joto lako, blanketi zito na soksi. Mtoto alale na binamu zake kitanda kimoja. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo iwekwe miguuni nusu saa kabla, kisha itolewe. Inatosha kabisa.

Karibuni tujadili.

---

Mkinga wa Kariakoo

Dada umesema kweli, ila usitulaumu sana wa Desemba. Duka haliwezi kufungwa Juni. Sisi tunafunga mara moja kwa mwaka, Krismasi hadi mwaka mpya, na ndipo vikao vya ukoo vinapofanyika, posa zinapojadiliwa, misiba ya mwaka mzima inapohaniwa. Halafu mtoto anayekwenda Julai anakosa ulanzi mtamu wa masika, kile kinywaji cha mianzi, na maua ya Kitulo. Hifadhi ya Kitulo, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, inachanua kati ya Desemba na Aprili. Ukienda Julai unakuta nyasi kavu.

mama_wa_kimara

Shemeji, vikao vya ukoo vibaki Desemba, nakubali, na mimi sijasema Desemba msiende. Ninachosema ni kwamba Desemba ni ya ukoo, Juni ni ya bibi na mjukuu. Si lazima duka lifungwe. Mtoto anaweza kwenda na mama, au na shangazi anayepanda, au mzazi mmoja akampeleka na kurudi. Mume wangu naye huwa anabaki kazini.

Kuhusu Kitulo, ni kweli maua ni ya mvua. Lakini Julai mbingu ni safi, unaona mbali, na asubuhi zile nyasi zimekuwa nyeupe. Wenyeji wanasema barafu imeanguka. Viazi vikipigwa na ile barafu majani yanageuka meusi, yamekauka. Mwanangu aliona shamba la jirani limeungua usiku mmoja tu, akauliza maswali ambayo mwalimu wa sayansi angefurahi kuyasikia. Na ng'ombe wa maziwa wa shamba la Kitulo wapo mwaka mzima.

---

nesi_wa_nyanda_za_juu

Nafanya kazi kwenye zahanati moja huku huku, niongezee mambo mawili ambayo wageni wa mjini huyakosa.

La jiko mleta uzi amelisema vizuri. Hewa yenyewe ni kaboni monoksaidi. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata kidogo kidogo, chumba kikiwa kimefungwa, damu inajaa hewa isiyofaa na ubongo unakosa oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Watu wawili au watatu kwenye nyumba moja wakilalamika kichwa kwa pamoja, usiwape panadoli ukawarudisha kitandani. Watoe nje wapate hewa, toa jiko, nendeni kituo cha afya.

La pili ni malaria. Mtoto akitoka Dar au Tanga, akifika huku siku ya tano au ya nane akapata homa, wazazi wanasema "ni baridi hiyo, ni mafua". Mbu wa huku ni wachache kwa sababu ya ubaridi, lakini mtoto amekuja na vimelea alivyong'atwa navyo kwake. Vinachukua wiki moja au zaidi kabla ya kuonyesha homa. Homa yoyote kwa mtoto aliyetoka ukanda wa joto, mpimeni malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kipo zahanati, tone moja la damu kwenye kidole. Msisubiri mrudi Dar.

Na wenye pumu: moshi wa jikoni kwao ni mbaya kuliko baridi. Wakae karibu na mlango, pampu ya kuvuta iwe mfukoni, si kwenye begi.

mama_wa_kimara

Asante sana nesi. La malaria nitalinakili niwatumie mawifi zangu wote.

---

mzazi_mpya_Mbagala

Dada, mimi mtoto wangu ana miezi minane na mama mkwe yuko Njombe, hajamwona bado. Naogopa kichanga na baridi ile. Nisubiri akue?

mama_wa_kimara

Usisubiri, mpeleke bibi yake amshike. Watoto wanazaliwa Makete Julai na wanakua. Mvalishe nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, ni bora kuliko koti moja zito, maana mchana jua linawaka na utahitaji kupunguza. Kofia na soksi muda wote. Mbebe mgongoni kwa kitenge, mwili wako unamtosha. Usiku usimfunike blanketi zito hadi usoni, mvalishe vizuri halafu funika hadi kifuani. Kuoga ni mchana tu, chumba kimefungwa upepo, na si lazima kila siku. Mnyonyeshe kila anapotaka.

Na kumbuka pia: mama mkwe wako amelea watoto kwenye hiyo baridi, msikilize. Ila akitaka kuleta jiko chumbani kwa ajili ya mjukuu, hapo ukatae kwa heshima, hata kama ni mkwe.

---

baba_wawili

Mimi sikubaliani. Mwanangu nilimpeleka likizo kama hiyo, amerudi na kikohozi, mikono imepasuka, anasema alikuwa akiamshwa kwenda shamba. Mtoto anasoma mwaka mzima, likizo apumzike. Kumfanyisha kazi za shamba kwenye baridi ni kumtesa, tuseme ukweli.

mama_wa_kimara

Baba, kuamshwa alfajiri kwenda shambani kwenye ukungu ni mateso, hata mimi nakataa. Ndiyo maana sipeleki wanangu nikawaacha bila mazungumzo. Kabla ya safari nampigia mama mkwe na wifi yangu anayeishi naye, tunakubaliana: watoto hawatoki kabla ya jua, hawabebi ndoo kubwa kichwani, hawashiki dawa za kupulizia viazi wala hawaingii shamba lililopuliziwa siku hiyo. Ukisema mapema, kwa adabu, hakuna anayekasirika. Ukikaa kimya halafu ukalalamika baadaye, bibi anaumia, na mtoto anajifunza kwamba kwa bibi ni mahali pa kulalamikiwa.

Lakini mtoto kukaa tu kama mgeni nalo silikubali. Bibi hana muda wa kukaa sebuleni kuzungumza na mtu. Yeye anazungumza huku anachambua maharage. Ukitaka maneno yake, kaa naye uchambue. Wanangu habari za babu yao, aliyefariki kabla hawajazaliwa, wamezipata wakipukuchua mahindi: jinsi alivyotembea kwa miguu kwenda kutafuta kazi mashamba ya chai, jinsi alivyopanda ile miwati inayopasuliwa leo. Mimi mwenyewe ukweni nimekaa miaka na nilikuwa sijasikia nusu yake.

Na kuna jambo zito kwa watu wa Makete ambalo wenyewe mnalijua. Nyumba nyingi kule bibi amelea wajukuu peke yake, baada ya ukimwi kuchukua wazazi miaka ya 1990 na 2000. Bibi hao wamefanya kazi ya vizazi viwili. Sasa wajukuu wamekua, wako Kariakoo, Mbeya, Tunduma, wanatuma pesa kwa simu. Pesa ni nzuri. Lakini bibi anataka mtu wa kumwita usiku, wa kumletea kuni, wa kucheka naye. Mwezi mmoja wa kitukuu nyumbani kwake ni kitu kikubwa kwake kuliko tunavyofikiri sisi wa mjini.

baba_wawili

Hapo nimekuelewa. Kwetu tulikosa huo utaratibu wa kuzungumza kwanza.

---

wa_Kinangop

Hamjambo jirani zangu. Nawasoma kutoka Kenya. Huku Kinangop na Limuru Julai ni hivyo hivyo, manyunyu na ukungu hata jua husahau kutoka, na watoto wetu hufunga shule Agosti ndio wanaenda kwa shosho, yaani bibi. Hata sisi tuna hiyo shida ya jiko la makaa kwa nyumba, kila mwaka lazima usikie mkasa. Nauliza tu, nyinyi watoto wenu mnawafunzaje lugha? Wangu wakifika kwa shosho wanaongea Kiswahili na Kiingereza pekee, shosho anabaki kunyamaza.

mama_wa_kimara

Karibu sana jirani. Kikinga chenyewe sikijui vizuri, nitakufundisha wapi? Tunachofanya, watoto wanaanza na "kamwene", salamu ambayo Wabena, Wahehe na Wakinga wote wanaielewa. Halafu bibi amepewa kazi: vitu vya jikoni asivitaje kwa Kiswahili. Maji, moto, kuni, chumvi, viazi, njoo, lete, keti. Mtoto akitaka kiazi akitaje kwa Kikinga ndipo apewe. Tumbo linafundisha haraka. Mwalimu mzuri zaidi ni binamu wa umri wake, hao wakicheza nje hawabadilishi lugha kwa ajili ya mgeni.

---

Mkinga wa Kariakoo

Basi umenishawishi, mwaka huu mama watoto atatangulia nao Juni. Sasa tuambie, tubebe nini? Mama yangu ukimuuliza anasema "njooni tu".

mama_wa_kimara

"Njooni tu" wanasema wote, usiende mikono mitupu. Mimi hubeba mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni za mche, dagaa na samaki wakavu, maana kule samaki ni adimu. Nazi chache, mama mkwe amezipenda tangu nilipompikia maharage ya nazi. Blanketi moja jipya kwa bibi, zito, si vile vyepesi vya kujifunika Dar. Sweta za watoto nunua mitumba Karume kuanzia Aprili au Mei, Juni bei inapanda. Tafuta za sufu halisi, kofia za kufunika masikio, na soksi nyingi kuliko unavyodhani, zikilowa umande hazikauki siku hiyo. Viatu viwe vya kufunika, raba za kawaida zinatosha.

Kurudi mtapewa gunia la viazi, parachichi na labda jogoo. Gunia liulizieni nauli ya mzigo kabla halijapanda kwenye buti, si baada ya kufika Mbezi. Tiketi za kurudi kateni mapema, wiki ya mwisho kabla shule kufunguliwa mabasi ya Makete na Njombe yanajaa. Na dawa za presha za mama uliza jina na kipimo chake kwenye simu mapema, mpelekee za miezi kadhaa.